Kifo cha Rafiki Hakina Eda

Swali la wiki hii linauliza: "Je, ni sawa kuanza mapenzi mapya huku bado unamlilia rafiki yako mkubwa aliyefariki?" Mimi najibu ni sawa, na najibu nikiwa bado namlilia wangu.

Tukubaliane kwanza kwamba msiba wa rafiki haujawekewa kipimo chake popote. Kwetu Waislamu, mwanamke akifiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Maiti mwingine yeyote, hata awe baba mzazi, siku tatu. Rafiki yumo humo kwenye tatu, na zenyewe unazimalizia jikoni ukipikia wageni. Kazini ndiyo kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku nne akifiwa na mwenza, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Shoga uliyekula naye sahani moja tangu utotoni hayumo. Kwa hiyo mtu akiniambia "mapema mno", namuuliza kwa hesabu ya nani.

Shoga yangu alifariki mwanzoni mwa 2024. Tulikuwa tukinunua dagaa pamoja mwaloni Kibirizi, tunaanika, tunafunga viroba, vinakwenda Tabora na Dar es Salaam. Haukupita muda Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sisi tumezoea kupumzika siku za mbalamwezi tu, kwa kuwa taa za wavuvi hazivuti dagaa mwezi ukiwaka. Miezi mitatu mizima bila kitu cha kuanika wala cha kugeuza, nilikaa na msiba wangu uso kwa uso.

Marehemu aliacha mashine ya boti. Mama yake alipotaka kuiuza, wanunuzi wakaja kumlalia bei, wanajua mwenye mali hayupo. Mama akanituma nitafute fundi aikague. Fundi akaifungua, akataja bei iliyozidi sana ile waliyokuwa wanatupa, kisha akatuonyesha na ubovu mmoja ambao, alisema, tusimfiche mnunuzi. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikuambiwa na mtu. Nilidhani mapenzi yatanipunguzia kilio, kumbe furaha yenyewe ndiyo ilikuwa inanitonesha. Aliyekuwa akinipimia wanaume ndiye huyo hayupo! Alikuwa na vigezo vyake, usiombe. Mmoja alimkataa kwa sababu alimwita mhudumu wa mgahawa kwa mluzi. Mwingine kwa sababu alimsifia mama yake mzazi kupita kiasi, eti mke atakayemwoa atapangiwa hadi chumvi. Usiku ule fundi aliponipigia simu kwa mara ya kwanza bila habari ya mashine, tulipomaliza kuongea nikatafuta jina la marehemu kwenye simu nimweleze. Nililia kuliko nilivyolia siku tulipomzika Ujiji. Kila jema alilonifanyia yule kijana lilikuwa na nusu yake iliyokosa mtu wa kulisikia.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema "subiri upone kwanza". Wanaongea kana kwamba msiba na mapenzi vimepanga foleni dirisha moja, kimoja kihudumiwe ndipo kingine kisogee. Kwangu vilikuja pamoja, na kimoja kilikuwa kinakiamsha kingine.

Tahadhari zipo. Kuna wanaume wa matanga, wanaokuja na pole, vocha na bega la kulilia. Huyo siku akikukuta unacheka ananuna, maana kazi yake imepungua. Mtazame anafanyaje jina la marehemu likitajwa. Fundi aliniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nikamsimulia mpaka vituko vyake, akacheka palipostahili kucheka. Na usimgeuze mpenzi kuwa rafiki yule. Nimejaribu kumpelekea umbea wa mwaloni, akanisikiliza kwa adabu zote, na umbea haunogi mbele ya mtu mwenye adabu. Siku hizi nampelekea mdogo wake marehemu, ambaye anauliza maswali yanayotakiwa.

Majirani walisema kaburi halijakauka. Aliyewajibu ni mama wa marehemu mwenyewe, tena barazani kwake: "Mwanangu angekuwepo, swali lake lingekuwa moja tu, huyu kijana ana dada wangapi na wana midomo kiasi gani." Sikuongeza neno.

Posa imeshaletwa. Siku washenga wanakuja kuzungumza mahari nimetaka huyu mama akae upande wetu pamoja na shangazi zangu, aulize maswali ambayo mwanawe angeuliza. Shangazi mmoja amenuna, anasema mambo ya ukoo hayana nafasi ya mgeni. Nimemwambia mgeni ni fundi, na yeye tunamkaribisha. Amenyamaza, ila nimesikia ameshachagua kitenge cha kuvaa siku hiyo.

Msomaji, Ujiji, Kigoma