Zoezi la kusafirisha mgonjwa: anza na mtungi wa oksijeni, mdoli utafuata

SWALI: Habari za kazi, Sista. Mimi ni mkufunzi katika chuo cha uuguzi, nina wanafunzi 36 wa mwaka wa pili. Nataka kuwafundisha kumsafirisha mgonjwa kwa usalama kwa kuigiza tukio kama linavyotokea kazini. Tuna mdoli mmoja mkongwe wa kufundishia, unaolazwa kama mgonjwa lakini haupumui wala kutoa sauti. Uongozi unasema tusubiri fedha za mdoli wa kielektroniki. Je, zoezi linaweza kuwa na uhalisia bila huo?

JIBU: Nzuri, mwalimu mwenzangu. Linaweza, na nakuomba sana usisubiri. Yanayoharibika njiani ni mambo ya kawaida mno: mtungi kuisha, dripu kuchomoka, breki ya machela kusahauliwa, taarifa kuachwa mlangoni. Hayo yote yanaigizika bila umeme.

Anza na oksijeni. Mtungi mdogo wa saizi E ukijaa hubeba takriban lita 680. Geji ikisoma nusu, zimebaki lita 340, na mgonjwa anayepewa lita 10 kwa dakika ana dakika 34. Waambie wanafunzi kwamba kutoka wodini hadi eksirei ni dakika 12. Wote watakujibu kuwa unatosha. Waache waondoke. Kisha wakute lifti haifanyi kazi, wakute foleni mlangoni, na safari ya kurudi bado inawasubiri. Ikifika dakika ya 30 hutahitaji kuwahutubia. Mimi hufundisha kujumlisha kwenda, kusubiri na kurudi, kisha kuzidisha mara mbili, ndipo mtu aulize kama mtungi unatosha. Nililijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini mtungi uliniishia kwenye korido, na mzee niliyekuwa namsukuma akanikodolea macho huku midomo yake ikibadilika rangi. Alipona, lakini kila nishikapo geji namkumbuka.

Kwa mgonjwa, tumia mwanafunzi aliye hai. Kanula, kile kimrija cha dripu, ibandikwe kwa plasta juu ya ngozi, asichomwe mtu, na mfuko wa mkojo ufungwe pajani. Mdoli haulalamiki baridi, haushiki ukingo wa machela kwa hofu wala kuuliza "mnanipeleka wapi?" Kila mmoja wa hao 36 alale kwenye machela angalau mara moja, asukumwe kwa kasi kwenye kona akitazama dari. Akishuka hapo ataanza mwenyewe kumweleza mgonjwa anakopelekwa.

Weka mitego michache iliyo ya kweli. Mfuko wa mkojo uwe umelazwa juu ya tumbo, wakati unapaswa kukaa chini ya usawa wa kibofu. Chupa ya mrija wa kifua, unaotoa hewa au majimaji kifuani, iwepo, uone nani atabana mrija "ili usimwagike". Wengi hubana, na mgonjwa mwenye hewa inayovuja kifuani anaweza kufa kwa kosa hilo; chupa ibaki chini ya usawa wa kifua, mrija ukiwa wazi. Kiti cha magurudumu kwenye mteremko kishushwe kinyumenyume. Mitego miwili kwa zoezi moja inatosha, ikizidi wanafunzi watakuona unawawinda.

Baada ya hapo nenda kwenye kisa kikubwa, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, anapewa rufaa kutoka kituo cha afya. Damu ni maji yenye rangi ya chakula au juisi ya rozela ndani ya mfuko wa dripu uliofichwa chini ya kanga. Tanzania tuna mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, simu 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa jamii mwenye gari la kawaida. Kwa hiyo usiigize safari hiyo darasani. Omba gari dogo la chuo, liegeshwe uani, mama alazwe kiti cha nyuma, na muuguzi ajaribu kusugua mji wa mimba, kushikilia dripu na kuhesabu mapigo, magoti yake yakiwa yamebanwa na kiti cha mbele. Hapo ndipo watagundua kwamba njia mbili za dripu, katheta (mrija wa mkojo) na oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba) vilipaswa kukamilika kabla mlango wa gari haujafungwa. Mwishoni wakabidhi kwa dakika moja: hali ilivyo sasa, historia yake, tathmini yao, na wanachoomba kifanyike.

Kwa idadi yako, gawa makundi ya sita: wawili wauguzi, mmoja mgonjwa, mmoja ndugu, wawili waangalizi wenye orodha ya kukagua. Kisa kiwe cha dakika 10 na mazungumzo ya baadaye yawe ya dakika 20 au zaidi, maana huko ndiko wanakojifunza. Uliza "ulikuwa unawaza nini ulipoondoka bila kuangalia geji?" badala ya "kwa nini hukuangalia?" Swali la pili hufunga midomo. Wala usimfishe mgonjwa ili kuwakomoa. Nimeona mwanafunzi mzuri akiogopa machela muhula mzima kwa sababu hiyo.

Kuna tahadhari moja nisiyokubali irukwe. Dawa na dripu za mazoezi ziandikwe kwa herufi kubwa ZA MAZOEZI TU, zifungiwe kabati lake, zihesabiwe zikitoka na zikirudi. Mwaka 2014 nchini Marekani dripu za mafunzo, ambazo hazikutakaswa vijidudu, zilifika kliniki kimakosa na kuwekewa wagonjwa halisi, baadhi wakapata homa na kutetemeka. Chuo kilicho ndani ya uzio wa hospitali kiko karibu sana na kosa hilo.

Fedha zikija, mwombe mkuu wa chuo anunue kwanza machela yenye breki zinazoshika, na mtungi wenye geji inayosoma sawasawa. Mdoli wa kielektroniki uwe wa tatu kwenye orodha.