Umetoka kwenye usaili, usikae kusubiri simu

Juzi binti mmoja kaniandikia: "Dada, nimefanya usaili wa kazi ya serikali Dodoma, wiki ya tano hii, kimya. Nifanye nini?" Nilisoma nikiwa mezani kwangu halmashauri, machozi yakanilenga. Yaliyomkuta nayajua.

Mimi nilitoka Mwanza kwa basi, nauli ya kukopa kwa mama mkubwa, maana msailiwa anajigharamia mwenyewe nauli, chakula na malazi. Mtihani wa mchujo nikapita, nikaingia mahojiano ya Afisa Maendeleo ya Jamii. Mmoja wa jopo akaniambia "vizuri sana". Neno hilo nikarudi nalo nyumbani kama barua ya ajira. Nikawatangazia ndugu wote. Nikaacha kuomba kwingine, na shirika moja liliponiita usaili sikwenda. Majina yakatoka, langu halimo. Mjomba akaniuliza mbele ya wageni, "Ile kazi ya Dodoma imeishia wapi?" Swali lile linaniuma hadi leo.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Ukitoka tu kwenye chumba cha usaili, siku hiyohiyo, andika kila ulichoulizwa na ulivyojibu. Mimi waliniuliza ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inakopeshwaje, nikasema makundi yote yanagawana sawa. Jibu ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sikulitafuta hadi nilipokosa kazi. Usaili wa pili swali lilirudi, nikalijibu bila kusita, nikaongeza na masharti ya vikundi.

Hata huo wa pili sikuitwa mara moja. Ukifaulu nafasi zikiwa zimejaa, jina lako linaingia kanzidata, yaani orodha ya serikali ya waliofaulu, na ikipatikana nafasi ya kada yako unapangiwa kituo. Mimi niliitwa hivyo, miezi imepita. Kwa hiyo usibadilishe laini, ingia mara kwa mara kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi za serikali, na vyeti halisi viwe tayari. Atakayekupigia akitaka hela akusukumie jina, mkatie simu.

Kama ni kampuni binafsi, kesho yake waandikie barua pepe fupi ya shukrani, uwaulize majibu yanatoka lini.

Halafu omba kazi nyingine. Usiseme unasubiri; kusubiri kulininyima kazi ya lile shirika, na mama mkubwa akakaa ananidai ile nauli mwaka mzima. Omba mbili wiki hii, kisha niandikie umeomba wapi.