Gia ngumu asubuhi, usukani unaovutavuta

Hongera kwa gari la spoti, ndugu. Umesema gia ya pili inagoma asubuhi na usukani unavutwa huku na huku. Langu nalo lilinitisha hivyohivyo mwezi wa kwanza.

Oili ya giaboksi ikiwa baridi huwa nzito, ndiyo maana gia inagoma. Usiilazimishe! Endesha taratibu dakika 10 hadi 15, wala usiivumishe injini kabla oili yake haijapata moto.

Usukani nao: matairi mapana hufuata mifereji ya lami. Pima upepo kwanza, kisha shika bila kukakamaa. Matuta ya barabarani yapande kimshazari, gari lisikwaruze chini.

Ila gia ikizidi kugoma gari likiwa limeshapata joto, au pedali ya breki ikizama, hilo si la kuzoea: egesha, umwite fundi.