Kabla Hujafungua Rangi ya Kijani

Mdogo wangu unayetaka kuchora mandhari ya Dodoma kama ilivyo, nianze na jambo la kukuokolea hela: usinunue kopo kubwa la kijani. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba, hukatika Aprili, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 na ushee tu. Miezi inayobaki nchi ni kahawia, kijivu na wekundu uliopauka. Hata migunga inayobaki na majani haina kijani cha dukani. Changanya manjano ya udongo na nyeusi kidogo, utakipata. Ndiyo, nyeusi. Jaribu kwanza kwenye karatasi kabla hujanibishia.

Ila rangi si tatizo kubwa la wanaoanza. Tatizo ni mwanga na giza. Simama, tuseme, pembeni ya barabara baada ya Kibaigwa ukielekea Dodoma mjini, pale mibuyu inapoanza kukukaribisha, kisha finya macho mpaka majani na nyasi vipotee. Utabaki na mafungu matatu: mbingu, ardhi, na vitu vilivyosimama. Lipi lina mwanga kuliko lingine? Wengi hujibu mbingu bila kuangalia. Wakati wa kiangazi mchanga uliopigwa na jua hukaribia kabisa kung'aa kama mbingu, na ukiuchora mzito kwa sababu tu ni "udongo", joto lote la mahali linapotea. Chora hayo mafungu kwa penseli, mchoro mdogo wa ukubwa wa kiberiti. Kama hausomeki hapo, rangi haitauokoa.

Saa ya kutoka nayo ina hesabu yake. Kwa saa zetu jua hufika juu kabisa kwenye saa sita na nusu hivi, na mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba hupita utosini hasa. Vivuli hujificha chini ya vitu, na mawe ya Mlima Simba yanaonekana bapa kama yamekatwa kwenye boksi. Toka saa kumi. Saa moja kabla ya machweo kivuli cha mti kinafika mara nne hivi ya urefu wake, na kinaendelea kurefuka ukiwa bado unachanganya rangi. Kwa hiyo weka mipaka ya vivuli vyote mwanzoni, halafu usivifukuze tena. Anayevifukuza huishia na picha yenye majua mawili, na mtazamaji hulihisi hilo hata asipojua kulieleza.

Vivuli vyenyewe si vyeusi. Vinavyolala chini huchukua ubuluu wa mbingu. Ardhi nyekundu nayo hurudisha mwanga juu, ndiyo maana tumbo la ng'ombe mweupe linaonekana lina wekundu. Simu haitakuonyesha hayo; picha yake huzima vivuli au huunguza mbingu. Itumie kukumbuka maumbo, basi.

Mbuyu unataka subira. Ukiukariri kama mti uliopinduliwa mizizi juu, utachora kila mara mbuyu uleule. Angalia gome: lina kijivu chenye uwaridi, limekunjamana kwenye maungio ya matawi, na mingi ina makovu pale lilipobanduliwa kwa ajili ya kamba. Mawe ya graniti nayo yana michirizi myeusi ya wima pale maji ya mvua yanapoteremkia. Nyufa zipe ukingo mkali, mabega ya mviringo yalainishe.

Vilima vya mbali vinafuata msimu. Baada ya mvua hewa husafika, vinasogea karibu na kuwa vya buluu. Agosti na Septemba vumbi huvifanya vyeupevyeupe kama maziwa yenye chai, kwa hiyo usivipake buluu kwa mazoea.

Kama umetokea kwenye uchoraji wa Tingatinga, ule ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968, mkono wako tayari ni thabiti, na hiyo ni mali. Hapa acha tu mstari unaozungushia umbo. Rangi za kung'aa za kopo nazo ziache, hazichanganyiki kirahisi kwa kazi hii.

Vifaa havina haja ya kuwa ghali. Kitambaa cha marekani kilichovutwa kwenye fremu ya mbao na kupakwa rangi nyeupe ya ukutani kinatosha kujifunzia. Kabla ya kutoka kifute kwa kahawia nyepesi, maana weupe mtupu juani unaumiza macho na kukudanganya kuhusu mwanga. Akriliki, rangi inayochanganywa na maji, hukauka upesi kwenye upepo wetu. Beba kitambaa chenye maji ufunike rangi. Ya mafuta haikimbizani nawe, ila inanasa vumbi, hivyo mgongo wako uwe upande wa upepo. Ukichora kijijini, pita kwanza kwa mwenyekiti. Reli, kambi na majengo ya serikali viepuke kabisa.

Mwisho wa siku geuza picha uandike nyuma mahali, tarehe, saa na hali ya hewa. Mchoraji Mwingereza John Constable alifanya hivyo kwenye michoro yake mingi ya mawingu ya 1821 na 1822. Wewe utayahitaji maandishi hayo utakaporudi mahali palepale kumalizia, uchague siku na saa inayofanana.