Mbio zinarudi, ila sio kwa staili ile ya zamani: majibu ya maswali yenu

Meseji zilikuwa nyingi mwaka 2021 maana klabu za jogingi zilizosimama wakati wa korona zilianza kurudi barabarani kuanzia Tunduma mpaka Iringa, na haya ndo majibu niliyotoa. Nasema mapema nisije nikarudia kwenye kila jibu: korona kwenye mbio haiwakamati sana watu wakiwa barabarani wanakimbia, inawakamata kwenye yale tunayofanya kabla ya filimbi na baada ya kumaliza, na huko ndo wengi hamtaki kuguswa.

Shikamoo kocha. Klabu yetu ilisimama muda mrefu, sasa tunataka kurudi kwa kishindo, bonanza la kilomita 10, tualike klabu za Njombe, Iringa na Songwe. Tuanzie wapi? (Uyole)

Marahaba. Anzeni kwa kufuta mialiko. Klabu ya Njombe haiji kwa miguu, inakuja na kosta imejaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, masaa kibao watu wanaimba na kupiga stori, akiwepo mmoja tu anao basi mpaka mnafika Uyole wameshagawana, halafu wanashuka kuwakumbatia nyie.

Kuna hizi mbio za bure za kila Jumamosi zinaitwa parkrun, zilianza London, Bushy Park, mwaka 2004, zikasimama Machi 2020. New Zealand walirudi Julai 4, 2020 kwa sababu maambukizi ya ndani walikuwa wameshayazima. England zilikozaliwa wao mbio za kilomita 5 zilirudi Julai 24, 2021, yaani miezi 16 walikaa. Na waliporudi hawakuja na bonanza, walirudi na kilomita 5 zile zile, hamna zawadi ya hela wala jukwaa. Fanyeni hivyo hivyo. Kilomita 5, watu wa Uyole wenyewe, daftari la majina na namba za simu ili mtu akiumwa wiki inayofuata mjue nani wa kupigiwa, muanze kwa mafungu ya watu wachache wachache fungu na fungu dakika kadhaa, mkimaliza kila mtu anaelekea kwake. Mkiona wiki nne au tano mambo shwari ndo muongeze.

Hili hukuuliza ila nalisema: msipitishe njia kwenye lami kubwa kule Mlima Nyoka. Malori yanashuka pale yakiwa na mzigo na alfajiri dereva hakuoni. Kabla ya yote muoneni afisa michezo na watu wa usalama barabarani, msijiandikie njia wenyewe kwenye grupu la WhatsApp.

Barakoa tunavaa tukikimbia au hatuvai? (Soweto, Mbeya)

Hamvai. Shirika la Afya Duniani (WHO) walishasema tangu Juni 2020 kwamba kwenye mazoezi ya nguvu usivae. Unavaa kwenye daladala, kwenye foleni ya kuchukua namba, na ukimaliza pumzi ikishatulia. Hili nimelijibu mara nyingi mno jamani, muwe mnasoma majibu ya nyuma kabla ya kutuma.

Kocha, jogingi bila nyimbo sio jogingi, watu hawatakuja. Kwani tukiimba nje upepo si unapeperusha? (Tukuyu)

Nakuelewa kabisa. Mchakamchaka tumeukulia shuleni, na mimi naamini kuna wazee na akina mama ambao bila ule wimbo kile kilima cha mwisho hawakipandi. Sitaki mchakamchaka ufe.

Na kuhusu upepo hujakosea, tafiti zilizokusanywa pamoja zilikuta chini ya asilimia 10 ya maambukizi ndo yalitokea nje. Ila hewa inasaidia ikipata pa kupita. Nyie mnakimbia mmebanana mistari minne, kila mmoja anapiga kelele kwenye kisogo cha mwenzake, tena mnahema kwa nguvu na mwendo wenu ni mmoja kwa hiyo yule wa mbele yako unaye nusu saa nzima. Hapo upepo utafanya nini?

Kaisikie hii. Machi 10, 2020 huko Skagit, jimbo la Washington Marekani, kwaya ilifanya mazoezi jioni moja, kama masaa mawili na nusu, walikuwa watu 61. Mmoja alikuja na dalili kama za mafua ya kawaida. Waliougua 53, kati yao 33 walithibitishwa kwa kipimo na wengine 20 walikuwa na dalili zile zile, wawili wakafariki. Najua mtaniambia wale walikuwa ndani, ni kweli, lakini inaonyesha mdomo unaoimba unamwaga vitone vidogo vinavyoelea hewani kuliko mdomo unaoongea, na jogingi yetu ni kuimba na kuhema kwa pamoja.

Basi aimbe kiongozi peke yake, akae pembeni au nyuma kabisa mwa msafara ili pumzi yake isiwapige wanaomfuata, nyie itikieni kwa makofi, na mkae wawili wawili wenye nafasi. Mwenye spika ndogo ya kubeba aje nayo. Na Tukuyu mvua mnaijua, ikishuka wote mnakimbilia kibaraza cha duka moja mnajibana pale mnatweta. Kibaraza hicho ni kibaya kuliko njia yote mliyokimbia. Mvua ikija endeleeni, mmeshalowa tayari.

Tumenunua kipimajoto cha paji la uso, kila mkimbiaji atapimwa getini. Inatosha? (Iringa mjini)

Haitoshi. Mtu anaweza kuambukiza siku mbili kabla hajaanza hata kukohoa, joto lake liko kawaida. Halafu asubuhi ya baridi ya Iringa paji la uso liko kama jiwe la mtoni, kifaa kitasoma chini hata kwa mwenye homa, na aliyemeza panado alfajiri ndo kabisa humpati.

Kitu cha maana kuliko hicho kipimajoto ni ada yenu. Mtu amelipa, fulana ameshachukua, kawaaga ofisini kwamba Jumapili anakimbia, unadhani akiamka na mafua atabaki nyumbani? Atakuja. Mnamlazimisha nyie wenyewe kwa ile sheria yenu ya "ada hairudishwi". Tangazeni mapema kabisa, anayeumwa apige simu, namba yake inahamia mbio inayofuata bila kulipa tena na bila kuletewa maswali. Nimeona waandaaji wengi wanaogopa hili eti watu watadanganya kuwa wanaumwa. Waache wadanganye, hasara yake ni ndogo.

Kupiga nyungu na kunywa tangawizi asubuhi ya mbio kunasaidia nisiambukize wenzangu? (Njombe)

Hapana. Kama unajiona unahitaji nyungu asubuhi hiyo, usije.

Nilipata homa na kikohozi, leo siku ya tano naona niko fiti, Jumapili kuna mbio. Niende taratibu tu? (Mafinga)

Dada yangu, usiende, hata hiyo taratibu. Kuna hili la kuwaambukiza wenzako na kuna la moyo wako, na hili la moyo huku kwetu halisemwi. Virusi hivi kwa baadhi ya watu vinashambulia misuli ya moyo ikavimba, kwa nje mtu anajiona mzima, akiulazimisha kwa mbio ndo mapigo yanavurugika na anaweza kuanguka. Sio wengi, ila hujui kama wewe umo.

Madaktari wa michezo walishauri hivi mwaka 2020: zipite siku 10 angalau tangu dalili ya kwanza, na ndani yake uwe na siku 7 mfululizo huna dalili yoyote, tena bila kumeza dawa za kutuliza. Hapo unaanza na kutembea, sio kukimbia, robo saa tu, unaweza kuongea bila kukatika pumzi. Kesho yake ukiamka vizuri unaendelea, unaongeza dakika kwanza, kasi baadaye. Ukisikia kifua kinabana, moyo unaenda mbio bila sababu, kizunguzungu au pumzi imekata kwenye kale kamlima ulichokuwa unakapanda kila siku, simama na uende hospitali. Na aliyelazwa au kuwekewa oksijeni asianze kabisa kabla daktari hajamwona.

Kumbuka pia Mafinga iko juu, zaidi ya mita 1,800, hewa ni nyembamba, mapafu yaliyotoka kuumwa yanateseka zaidi huko kuliko kwa mtu wa Dar. Hizi habari za "nimelitoa jasho na homa imeisha" naziomba zikome.

Nikichanjwa Ijumaa naweza kukimbia Jumapili? Na nikishachanjwa si naruhusiwa kila kitu? (Vwawa)

Hii chanjo ya Johnson & Johnson iliyozinduliwa Tanzania Julai 28, 2021, ya dozi moja, inaweza kukupa homa na uchovu siku moja au mbili, kwa hiyo Jumapili jisikilizie, ukiwa na homa lala. La pili hapana, kinga inachukua wiki mbili na zaidi kujengeka, na aliyechanjwa bado anaweza kuambukizwa na kuambukiza. Ila nenda ukachanje, hasa nyie mnaokimbia na wazee.

Kwenye maji tuweke ndoo na vikombe vitatu vya kupokezana kama zamani? (Makambako)

Hata kabla ya korona ule ulikuwa uchafu. Kila mtu aje na chupa yake, ndoo ibaki ya kunawia na sabuni iwepo mpaka mtu wa mwisho amalize, sio inaisha saa moja.

Mdhamini wetu anataka baada ya mbio tuingie ukumbini, supu, hotuba na medali, anasema bendera zake zionekane vizuri. Nimwambieje? (Mbeya mjini)

Mwambie hapana. Mbio kubwa za dunia zimekubali hasara kubwa kuliko hiyo: Tokyo Machi 1, 2020 waliwaacha wakimbie wale wa kiwango cha juu tu, maelfu wote waliojisajili wakabaki nyumbani, London Oktoba mwaka ule ule vilevile, wakimbiaji wa ushindani tu, wakizunguka kwenye bustani.

Bendera zitundikwe barabarani na kwenye mstari wa kumalizia, huko ndo picha zinapigwa. Medali ziwekwe mezani kila mtu ajichukulie akipita, supu ifungwe kwenye vyombo watu waondoke nayo, hotuba dakika tatu kwenye spika watu wakiwa wametawanyika uwanjani. Akiendelea kung'ang'ania ukumbi mrudishie hela yake, kilomita 5 za mtaani hazihitaji mdhamini, zinahitaji saa, daftari na watu wawili wa kusimamisha bodaboda kwenye makutano.