Maporomoko ya Materuni au Marangu: chukua mwongozaji wa kijiji chenyewe

Mleta mada, mnakuja wanne kutoka Dodoma, wewe, mama na watoto, na umeuliza mambo matatu: kama kuna haja ya kulipia mwongozaji ukitoka Moshi mjini kwenda kuona maporomoko ya maji na kurudi siku hiyohiyo, kama Materuni ni pazuri kuliko Marangu, na kama mama yako mwenye shida ya magoti ataweza. Waliotangulia wengi wamekwambia njia inaonekana, nenda mwenyewe na familia, okoa hela. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Uru, nakaa Moshi, na ukweni ni barabara hiyohiyo ya kwendea Materuni. Kwa hiyo wageni nawajua kwa pande zote mbili: nimewapeleka wangu, na nimekaa uani kwa mkwe nikiwaangalia wa wenzangu wakipita. Naomba nikujibu kwa kirefu.

Mwongozaji chukua. Na awe mtu wa kijiji kilekile unachokwenda.

Watu wa mikoa mingine wakisikia maporomoko wanafikiria pori, kwamba utapita kichakani hadi utokee kwenye maji. Materuni siyo hivyo. Ni kijiji kinachokaribiana kabisa na msitu wa Mlima Kilimanjaro, na ukishuka kwenye gari, sehemu kubwa ya mwendo unatembea katikati ya vihamba vya watu. Kihamba siyo shamba kama mnavyolijua huko Dodoma. Nyumba imo humo humo, migomba imo, kahawa iko chini ya migomba, ng'ombe yuko bandani anakatiwa majani, na babu aliyefariki amezikwa humo. Kile unachokiona kama njia ya miguu ni uchochoro kati ya familia mbili, na ile mimea yenye majani marefu iliyopangwa mstari ni masale, mpaka wa watu. Masale hayo hayo ndiyo Mchagga anayopeleka akienda kuomba msamaha kwa mtu aliyemkosea. Mtoto wa mgeni akiyang'oa kuchezea, hakuna atakayempiga, lakini bibi aliyekaa kibarazani ameona.

Halafu kuna mifongo, ile mifereji ya maji inayotoka juu kwenye mito. Wazee waliichimba kwa mikono zamani sana, na mpaka leo ipo inayotumika kwa zamu: leo maji ni ya huyu, kesho ya yule. Nimeshaona kikundi cha vijana kutoka mjini, wamekuja bila mwenyeji, wanaosha viatu vyenye matope ndani ya mfongo na sabuni juu. Walidhani ni mtaro wa barabarani. Mama wa nyumba ya chini alikuwa anasubiri maji hayo hayo kumwagilia mboga zake. Hakuna aliyewafokea, kwa sababu mgeni hafokewi, lakini siku hiyo ilizungumzwa mpaka jioni. Wangekuwa na kijana wa pale angewaambia neno moja tu na yangekwisha. Anajua pa kupita, pa kusalimia, pa kutokupiga picha. Ukipita na yeye, unapita kama mgeni wa mtu.

Hilo ni la heshima. La pili ni la usalama, na hili naomba ulisome vizuri kwa kuwa unakuja na watoto.

Kuna siku ya vuli tulikuwa na wageni wetu kutoka Tanga. Jua limetoka, watoto wamevua viatu wako kwenye maji ya kina kifupi, wamekaa juu ya jiwe. Kijana aliyetuongoza alikuwa anapiga stori na mume wangu, mara akakatiza. Akawa anaangalia maji pembeni, pale yanapotoka kwenye bwawa kuingia mtoni. "Shemeji, toa watoto," akaniambia. Mimi sikuona kitu. Akanyoosha kidole: maji yaliyokuwa meupe yameanza kuwa na rangi ya chai, na majani makavu na vijiti vinapita kwa wingi. Tuliwatoa wakinung'unika. Hatujamaliza kupanda mwinuko wa kwanza, lile jiwe walilokalia lilikuwa limefunikwa. Mvua ilikuwa imepiga juu msituni. Sisi chini hatukuona hata tone.

Huo ndio mlima wetu. Maji ya mito hii sehemu kubwa ni mvua ya msituni, wala siyo barafu ya kileleni kama watu wengi wanavyodhani, na mvua ya msituni haina taarifa. Mtu wa mjini ataangalia anga. Mtu wa pale anaangalia rangi ya maji. Msimame pembeni ya maporomoko, wala msiende chini yake kabisa hata mkiona wengine wanapiga picha huko, maana yanaposhuka hushuka na mawe na matawi. Waongozaji wengi watakwambia yana urefu wa kama mita 80. Jiwe dogo likitoka huko juu siyo dogo tena.

Sasa kuhusu mwongozaji gani. Moshi ukishuka tu stendi utafuatwa na vijana wenye picha kwenye simu. Wapo waaminifu, wapo wa kukamata wateja tu, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kuna kampuni moja ya mjini, jina naliacha, iliwahi kumpeleka mdogo wangu na marafiki zake wa chuo. Walilipa kila kitu kwa pamoja: gari, kiingilio, kahawa, chakula. Walipofika juu, aliyewaongoza hakuwa mtu wa pale, kiingilio kikawa hakijalipwa, na mama aliyekuwa apike hakuwa na taarifa yoyote. Wakachanga upya. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wenyeji ndio walioonekana wabaya, wakati wao walikuwa wanadai haki yao.

Kwa hiyo fanya hivi. Gari panga mjini, na bei ya gari muelewane kwa gari zima, siyo kwa kichwa, maana mko wanne na dereva ni mmoja. Mambo ya kijijini yalipie kijijini: kiingilio ofisini kwao, udai risiti, kisha ofisi ikupe mwongozaji. Kila kitu ukiulize peke yake kabla hamjaanza kutembea: kiingilio kiasi gani, mwongozaji kiasi gani, kahawa kiasi gani, chakula kiasi gani, na kwa mtoto je. Sema mapema kwamba ninyi ni Watanzania na mbebe vitambulisho, kwa sababu sehemu nyingi za utalii bei ya mwananchi na ya mgeni wa nje hazilingani. Ukishaambiwa bei usimkandamize kijana. Pesa hiyo ndiyo inayowafanya wenye vihamba waendelee kuona faida ya kuacha watu wapite.

Daladala za kwenda Uru zipo, na kama ungekuwa peke yako ningekwambia panda. Kwa mama na watoto chukua gari, hasa kwa ajili ya kurudi jioni mkiwa mmechoka.

Nije kwa mama. Dada yangu, Materuni usimpeleke mpaka kwenye maji. Kutoka kijijini mpaka chini ya maporomoko ni mwendo wa kama saa moja kwa mtu anayetembea taratibu, na siyo umbali unaosumbua, ni mteremko. Kwenda unashuka, magoti yanabeba, kurudi unapanda. Njia ikilowa udongo wetu ule mwekundu unateleza hata kwa mwenye miaka ishirini. Ukitaka mama aone maji yanaanguka kwa macho yake, mpeleke Marangu, Kinukamori. Ni karibu kabisa na Marangu Mtoni, gari linafika jirani, na maporomoko yenyewe siyo marefu. Ngazi zipo, kwa hiyo ashuke pole pole, na hata akiishia juu ataona na kusikia. Pale pia ataelezwa habari ya Makinuka, msichana aliyepata ujauzito kabla ya ndoa akaenda kujirusha majini. Wanasimulia kwamba alipobadili nia na kugeuka arudi, akakutana na chui. Mama zetu wanaisikiliza hadithi ile tofauti na watoto. Mama yangu mzazi aliisikiliza amesimama, hakutaka kukaa mpaka iishe.

Marangu kuna maporomoko mengine, Ndoro na Kilasiya. Kilasiya ni pazuri mno lakini unashuka bondeni haswa, kwa hiyo waachie vijana. Na mkiwa Marangu waonyeshe watoto lango la Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro, wapande wasipande. Huko ndiko alikotoka Mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayetambuliwa kama kijana aliyeuongoza msafara wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni 1889. Majina ya wale wawili yako kwenye vitabu vyote vya shule. La mwenyeji aliyewaonyesha njia watoto wetu wengi hawalijui, na mimi hilo linanikera kweli.

Unaweza pia kugawa familia, na kwa maoni yangu huo ndio mpango mzuri kwako. Nendeni wote Materuni, wewe na watoto mshuke kwenye maji, mama abaki kijijini kwenye kahawa, pale wenyeji wanapowaonyesha wageni inavyotengenezwa. Wala hatakuwa amekosa kitu. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya maporomoko na kahawa, nachagua kahawa.

Wanaanza na zile tunda nyekundu, wanazimenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Kahawa iliyokwisha kuoshwa na kukaushwa, yenye lile ganda gumu la ndani, wanaitia kwenye kinu. Hapo wanatwanga wawili au watatu kwa zamu, na wimbo wa Kichagga unashika mwendo wa mchi. Atakayechelewa kunyanyua atagongana na mwenzake. Kisha ungo: mama wa pale anapepeta, maganda yanaruka, punje za kijani kijivu zinabaki. Zinakaangwa kwenye chungu juu ya kuni, unakoroga bila kuacha, na kuna mlio mdogo, tak, tak, punje zinapopasuka, ndipo moshi unapobadilika harufu. Mkaangaji hasubiri saa, anasubiri mlio. Zinatwangwa tena, zinachekechwa, zinachemshwa, mnakunywa mkiwa mmekaa kwenye magogo. Mama yako apewe mchi. Akina mama wanaotwanga na wageni wenye umri wao wanafurahi kuliko wakiwa na Wazungu, kwa sababu huyu anajua kutwanga.

Waulize pia habari za bei ya kahawa, watakueleza. Mkoa huu ulikuwa na chama cha wakulima wa kahawa tangu 1925 na KNCU, chama kikuu cha ushirika, tangu 1933, nyumba nyingi unazoziona na watu wengi waliosoma ni kazi ya kahawa hiyo. Vijana wengi leo wanaona mgomba una faida ya haraka zaidi, na wapo waliong'oa mibuni. Hao wanaowakaangia wageni ndio mojawapo ya sababu kwamba vihamba kadhaa bado vina kahawa.

Chakula omba mtori au machalari, vyakula vyetu vya ndizi, waagize kabla hamjashuka kwenye maji ili mkute kimeiva. Mbege mtaonjeshwa kwenye kata. Ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, inaonekana kama uji na inapanda polepole. Dereva asiguse.

Kuhusu muda: masika, yaani Machi mpaka Mei, maji yanakuwa mengi na mazuri kuyaangalia lakini njia ni matope matupu, sikushauri na watoto. Juni hadi Oktoba ni pakavu na kuna baridi, Januari na Februari pia ni pazuri. Desemba mwishoni kaa mbali kama hamna ndugu huku, Wachagga wote wamerudi nyumbani, magari hayashikiki na vyumba vya kulala ni shida. Ondokeni mjini saa moja asubuhi. Mlima huonekana mapema, ukifika saa nne mawingu mara nyingi yameshaufunika. Moshi mjini mtaondoka mnatoka jasho, lakini huko juu mtatafuta sweta, na maji yenyewe ni ya baridi kweli, watoto wataingia na kutoka. Viatu viwe vya kufunga, vyenye meno chini. Kandambili ziacheni hotelini.

Aliyeuliza juu hapo kuhusu Arusha: Napuru ipo, miteremko ya Mlima Meru, na mandhari yake ni ya korongo. Huko unatembea ndani ya mto wenyewe, unavuka huku na huku mara nyingi, kwa hiyo niliyoyasema kuhusu rangi ya maji yazidishe mara mbili, na bila mwenyeji usithubutu.

Siku nzuri kwenu ni Jumamosi. Jumapili asubuhi Uru watu wengi wako kanisani, utakuta wa kukuongoza lakini wa kutwanga kahawa watakuja baada ya misa, na mama atakaa akisubiri. Mkifika Moshi Ijumaa jioni, elewaneni na dereva usiku huohuo na mmwambie awapitie mapema.