Jibu: Kwanini tano au mfupa wa samaki? Mwambie mkubwa asisaini hiyo mashine!

Wewe mwenye uzi weka kalamu chini kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Kwa wenye hawajasoma alichouliza: jamaa yuko kiwanda cha mikate hapo Industrial Area, Nairobi, mikate inaota ukungu kabla ya tarehe ya kwa karatasi kufika, wakakaa kikao wakafanya kwanini tano (unauliza kwanini mara tano mpaka ufike chanzo), wakatoka na jibu ati wafanyikazi hawako makini na mashine ya kupakia imezeeka, na sasa mkubwa anataka kusaini mkopo wa mashine mpya wiki hii. Anauliza kati ya kwanini tano na mfupa wa samaki (ule mchoro wa kupanga sababu kwa makundi) gani ni poa, achore na programu gani, timu iwe ya watu wangapi, na kama cheti cha Six Sigma, ile mbinu ya kupunguza kasoro kazini, kina maana.

Mimi nilifika hapo kwa "wafanyikazi hawako makini" tumbo likakoroga. Hayo maneno nimewahi kuyaandika na mkono wangu kwa ubao, na kampuni ikalipa zaidi ya milioni 2 ju yangu.

Tulikuwa tunapakia yogati, Kariobangi Light Industries. Vile vikombe vya plastiki, juu unaweka kifuniko cha foili, mashine inashuka na joto inakibana. Vikaanza kuvuja. Si vyote, ungepata kreti nzima ni safi halafu inayofuata nusu imelowa, maduka yanarudisha, wale wa kusambaza wanapiga simu wakitutukana mpaka mama zetu. Mkubwa akaleta mkonsalta. Huyo bwana sitamtaja wala kampuni yake, lakini alikuwa na viatu vimechongoka mbele hadi ungefikiria anakuja kuua mende kwa kona, na alikuja na vikaratasi vya kubandika vya rangi zote na slaidi za Toyota. Tukafungiwa chumba cha mitingi na chai na mandazi, mimi, meneja wa mauzo, watu wa akaunti, HR, yani kila mtu isipokuwa mtu mwenye amewahi kugusa hiyo mashine.

Kwanini vikombe vinavuja? Ju foili haijashika. Kwanini haijashika? Ju opareta anaweka joto vibaya. Hapo sasa nisikilize vizuri, kwa hiyo kwanini ya pili TULIPIGA KURA. Kwa mikono, naapa. Watu wa akaunti wakainua mikono kuhusu joto ya mashine. Kwanini anaweka vibaya? Hajafunzwa. Kwanini hajafunzwa? Mashine ni ngumu na ni ya zamani. Kwanini ni ya zamani? Ju hatujanunua mpya. Makofi! Mkonsalta akapiga picha ya ubao, akala mandazi ya mwisho, akatuma invoisi. Na kwa bahati nzuri sana, ile bahati ya kushangaza, alikuwa anajua mtu wa kutuuzia mashine.

Ombi la kununua nani aliandika? Msomi hapa. Nikaambatanisha na mchoro wa mfupa wa samaki wenye rangi, watu, mashine, malighafi, mbinu, vipimo, mazingira, kila mfupa una vitu vyake, ungeona ungelia vile ulikuwa mrembo. Hakuna hata kitu kimoja kwa huo mchoro mtu alikuwa ameenda kukiangalia.

Mashine ikaja. Vijana wa laini wakaibatiza "Digrii", ati ndio digrii yangu imeinunua. Ikafungwa pahali pale pale pa ile ya zamani, ikaunganishwa paipu zile zile, ikawashwa, na kabla ya saa ya lunch ikaanza kuvuja. Vilevile. Kreti safi, kreti imelowa. Mkubwa akaniita na majina yangu yote matatu kama yalivyo kwa kitambulisho, na mtu akikuita hivyo ofisini ujue si birthday.

Nikaenda nikakaa pale kwa laini, nimegeuza kreti nimefanya kiti, si ati ni ujanja, nilikuwa naogopa kurudi ofisini. Kazi yangu ikawa tu kuandika saa ngapi kikombe kimevuja. Na ukiandika saa unaona kitu chenye kikao hakiwezi kukuonyesha: haikuwa moja hapa moja pale. Zilikuwa zinakuja mafungu, dakika kadhaa mbaya, halafu kimya, halafu mbaya tena. Opareta asiye makini hawezi kuwa asiye makini kwa ratiba. Kulikuwa na mama mmoja wa kupakia tunamwita Shosho, akaniangalia nikihesabu kama mtoto wa nasari, akasema, "Hizo huvuja wakianza kukausha kreti." Nikamuuliza mbona hakusema. "Nilisema kwa supavaisa. Nikaambiwa nirudi kwa laini."

Sasa ona. Mashine ya kubana inatumia upepo wa kompresa, tunaiendesha kwa presha ya bar 6. Kando ya ukuta kuna pahali vijana wanaosha kreti na kuzikausha na ile bunduki ya upepo. Zamani ilikuwa nje, ikahamishwa ndani, na fundi akavuta paipu ya bunduki kutoka pahali palipokuwa karibu zaidi, ambapo ni tawi la upepo la mashine yetu, baada ya regyuleta, kile kifaa cha kudhibiti presha. Geji ya presha iko nyuma ya mashine imeangalia ukuta. Nikaingiza simu huko nyuma nikarekodi video: bunduki ikifunguliwa, mshale unashuka kutoka 6 mpaka karibu 4. Presha ikishuka theluthi, nguvu ya kubana inashuka theluthi. Joto iko sawa, muda uko sawa, opareta yuko sawa, foili haikandamizwi tu. Na Digrii yetu ya mamilioni ilikuwa inapumua kwa pua ile ile.

Halafu tukafanya kitu chenye ndio sababu naandika hii riwaya yote. Tukafunga valvu ya bunduki. Kuvuja kukaisha. Tukafungua, kukarudi. Tukafunga, kukaisha. Tukafungua tena mbele ya mkubwa, vikombe vikalowa akiangalia na macho yake. Suluhisho? Bunduki ikapewa paipu yake kutoka laini kubwa na regyuleta yake, tukaongeza tangi dogo la upepo karibu na mashine. Pesa yake ni ya viatu vya mkonsalta, jozi moja.

SHERIA NI MOJA: kama huwezi kuiwasha shida na kuizima ukitaka, hujapata chanzo, uko na maoni. Na maoni hayachukuliwi mkopo.

Na hii si kitu nimetunga hapa kwa uchungu, ndio inaniuma zaidi, iko kwa hizi mbinu zenyewe. Ile ya hatua nane yenye Ford waliandika 1987, ya 8D, hawakuachi urekebishe kitu kabla ya kuthibitisha chanzo, na tena kabla ya hapo wanakuambia kwanza zuia mali mbaya isimfikie mteja. (Hiyo umefanya? Mikate yenye iko kwa maduka saa hii?) Na Toyota wenyewe! Mfano wa Taiichi Ohno, yule mzee aliyejenga mfumo wao wa uzalishaji, ndio mkonsalta wetu alionyesha kwa slaidi, naukumbuka kila neno. Mashine imesimama, kwanini, mzigo umezidi fyuzi ikaungua. Kwanini, bearing haina mafuta ya kutosha. Kwanini, pampu ya mafuta haisukumi vizuri. Kwanini, shafti ya pampu imelika. Kwanini, hakuna chujio, vipande vya chuma vimeingia. Angalia hapo kila jibu ni kitu unaweza kwenda ukashika na mkono, fyuzi, bearing, pampu, shafti, chujio. Hakuna pahali Ohno amesema "mfanyikazi hana bidii". Huyo mzee anajulikana kwa kuchora duara na chaki kwa sakafu ya kiwanda na kumsimamisha mtu ndani aangalie kazi masaa mpaka aone. Mtu wetu akaonyesha hiyo slaidi akiwa ameketi, mlango umefungwa, AC imewashwa, halafu akatufanyisha kinyume. Sijui kama alikuwa haelewi au alikuwa anaelewa sana.

Kwa hivyo swali lako la kwanini tano au mfupa wa samaki ni kama... aii wacha, zote mbili ni za kupanga fikira, zitakupatia washukiwa. Hazikupatii mwenye makosa.

Turudi kwa mikate. Wewe umeandika mstari mmoja huko mwisho kabisa, kama mtu anasema kitu cha bure, ati malalamiko yanatoka Kayole na Umoja lakini maduka ya upande wa Ngong Road hayajarudisha kitu. Ndugu yangu!!! Hapo ndio uzi wako wote uko! Mikate ya Kayole na ya Ngong Road inakandwa na watu hao hao, unga huo huo, inapakiwa na mashine hiyo hiyo ya zamani. Kama shida ni mashine, mbona Ngong Road hakuoti? Kama ni uzembe, basi wafanyikazi wenu wana uzembe wa ajabu sana wenye unajua barabara. Hii kitu ina jina na wenyewe, Kepner na Tregoe, Wamarekani waliokuwa RAND, taasisi ya utafiti, miaka ya 1950, walitengeneza njia ya kuandika shida IKO wapi na HAIKO wapi na ingeweza kuwa, halafu unauliza kati ya hizo pande mbili nini ni tofauti, na kwa hiyo tofauti nini kilibadilika. Karatasi moja na biro, na hiyo ndio programu yako. Kikao chenu kiliruka hapo, na kila kwanini mliyouliza baadaye ilikuwa inajenga hewani.

Mimi si mwokaji lakini nimekaa na chakula kiwandani, na ukungu wa mkate unajulikana. Katikati ya mkate kwa oveni inafika zaidi ya digrii 90, mbegu za ukungu hazivuki hapo. Ina maana unaingia baadaye: kupoa, kukata, kupakia, kreti, gari. Ukipakia mkate bado una joto unatoa mvuke ndani ya karatasi, matone ya maji yanabaki pale, umepandia ukungu shamba. Sasa ni nani hupakiwa kwanza asubuhi, gari la Kayole au la Ngong Road? Kama la Kayole hutoka mapema, inawezekana mikate yake haipoi kama ile ingine. Na kreti, ni zile zile zenye zinarudi na mikate iliyolala? Kwa sababu kreti yenye imebeba mkate umeota ukungu ikirudi bila kuoshwa inabeba mbegu kupeleka kwa mkate mpya. Kwa route gani marudio ni mengi? Pia kalsiamu propioneti, ile dawa ya kuzuia ukungu, kama mnaweka, nani anapima na anapima na nini, kijiko ama mizani, lakini hii iweke nyuma kidogo kwa sababu inaingia kwa unga na unga ni mmoja kwa pande zote mbili, labda kama Kayole hupelekewa batchi ya usiku peke yake. Uliza.

Halafu uiwashe. Chukua mikate ya batchi moja. Mingine uache ipoe kabisa uweke kwa kreti mpya safi. Mingine upoze lakini uweke kwa kreti za Kayole vile zimerudi. Mingine pakia makusudi ikiwa bado moto, kreti safi. Uandike alama, uweke yote rafu moja stoo, hakuna kuuza hata moja, na uangalie kila siku ni gani inaota kwanza. Kama za moto ndizo zinaota na za baridi hazioti, rudia mara ingine uone kama inakubali tena. Ikikubali, sasa hapo ndio uanze kwanini zako ukitaka hata ziwe kumi, kwanini tunapakia moto, kwanini gari linatoka hiyo saa, nani alibadilisha ratiba. Sisi kwanini zetu za maana zilikuja baada ya valvu: kwanini fundi alitoboa pale, ju hakuna mtu alihitaji kuuliza mtu kabla ya kutoboa laini ya upepo. Sasa kuna fomu, fupi, na watu wanaijaza.

Na ikiwa yote inaota sawasawa, au yote haioti, pia umejifunza kitu na umetumia mikate michache tu. Mkopo bado haujasainiwa.

Hiyo ya cheti, mkonsalta wetu alikuwa na mkanda mweusi wa Six Sigma. Nimemaliza.

Mkubwa akikusukuma mwambie amuulize muuzaji swali moja kwa maandishi: mikate ikiendelea kuota na mashine mpya, utairudisha? Sisi hatukuuliza. Digrii bado iko pale, inafanya kazi poa sana kusema ukweli, sawa tu na ile ya zamani tulioiuza kama chuma chakavu.

Usiku wa leo kabla magari hayajapakiwa shuka mwenyewe na kipimajoto cha nyama, dunga mkate mmoja wa Kayole na mmoja wa Ngong Road ikiingia kwa karatasi, utuletee namba hizo mbili hapa. Na ile picha ya mkate umeweka kule juu iondoe, jina la kampuni yenu linasomeka kwa karatasi.